Dhiraa ya Khuleita

Nimekabidhiwa ufunguo wa jumba lisilo na mlango.
Si mzaha. Ufunguo ni wa kibanda cha mabati
mnamokaa kamba, ndoo, chekeche mbili,
na daftari la wageni lililoonjwa na mchwa.
Jumba lenyewe li wazi. Huingia mbuzi,
huingia mvua, huingia Bwana Shebwana kila alfajiri
kumwagilia tumbaku yake sebuleni mwa masultani.

Leo wameingia watoto wa Mokowe, arubaini na mmoja,
viatu vimejaa tope la Mtangawanda,
na mwalimu wao, Wanyonyi, haishi kutazama saa:
maji yakitoka, mashua italala, nasi tutalala nayo.
"Msiguse," akaanza.
Nikamkatiza. Guseni. Guseni kila kitu,
ila tumbaku ya watu.

Nikawapa kazi: pimeni jumba.
Hakuna rula. Aliyejenga hapa alikuwa na mkono,
nanyi mikono mmekuja nayo.
Dhiraa ni hii, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

Ukuta mmoja ukatoka kumi na tisa kwa Lali,
ishirini na mbili kwa Wangeci,
kwa Bonaya kumi na sita na nusu, maana Bonaya ni mrefu
na ile nusu aliikadiria kwa macho.
Wakabishana kama madalali wa samaki.
"Mwalimu, jibu ni lipi?"
Wanyonyi akanitazama mimi.
Mimi nikatazama mbuzi.

Wakaamua wenyewe: mkono mmoja uwe sheria.
Ukachaguliwa wa Khuleita, si kwa ubora,
ila yeye peke yake hakuwa akipiga kelele.
Akatambaa ukutani,
kiwiko, kidole, kiwiko, kidole,
chokaa ikampaka hadi kwapani,
na Lali nyuma yake anaandika, ulimi nje.

Ukumbi wa zidaka, alipoketi Sultani:
upana, saba.
Chumba cha nyuma, kisicho dirisha,
kilicholaza magunia na, nadhani, watu:
saba.

"Rudia," akasema mwalimu.
Akarudia. Saba.
"Haiwezekani. Huyu mtawala, yule mtwana."
Khuleita hakubisha. Aliinua uso tu,
na sote tukayafuata macho yake hadi juu,
kwenye safu ya matundu meusi
yaliyokuwa yakishika boriti za dari.
Akasema polepole, kama anayeomba radhi,
"Mkoko haukurefuka kwa ajili yake."

Miaka kumi na minne ninao ufunguo huu.
Nimewasimulia wazungu, wakaguzi,
maharusi waliokuja kupiga picha,
habari za hariri, za sahani za Uchina, za birika la kuogea.
Kwa urefu alijinyoosha alivyotaka, dhiraa thelathini na moja,
nimeziona daftarini mwa Lali.
Kwa upana alibanwa na mti, kama sisi.
Na mimi, miaka yote hiyo, sikuwahi kutazama juu.

Saa ikawafukuza. Wakatia sahihi mbiombio.
Kwenye safu ya Maoni wameandika nzuri, nzuri,
nzuri sana, nina njaa.
Khuleita ameandika 7.
Ndoo imebaki kifudifudi, kamba imeizonga tumbaku,
kesho nitasikia maneno ya Shebwana.

Usiku nilisogeza kitanda, nikapiga magoti,
nikapima chumba changu kwa mkono wangu: sita.
Nikapima tena, taa imezimwa. Sita.
Mkono wangu ulishamaliza kukua. Wa Khuleita bado.
Akija mwakani atalikuta jumba limepungua,
na itabidi tuanze kubishana upya.