Dadu la Kiazi

Jumamosi jioni Mwinjilisti Mwasandube alikuja na mwavuli.
Hakukaa. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika
kwenye saruji niliyotoka kuipiga deki,
akasema: Mama Tusekile, humu ndani mwako
watoto wanaita majina.

Majina gani?

Akayataja kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri deni:
Joka. Jini la mlimani. Mchawi wa ngazi ya saba.
Kila wiki, chini ya bati langu, watoto watano,
daftari, na kitu wanachokirusha.

Kitu wanachokirusha nakijua, kimetoka kwenye sufuria yangu:
kiazi cha Uporoto kilichochongwa pande sita,
vitundu vimetobolewa kwa msumari wa moto.
Kila wiki kinasinyaa, wanachonga kingine,
na kile cha zamani huliwa na mbuzi
asiyejua amemeza bahati ya nani.

Choma, alisema. Daftari na vyote. Usilale navyo.

Nilitaka kumwambia: Krismasi iliyopita
mwanao Gwamaka alikuwa Herode.
Alijifunga kitenge changu, akaamuru watoto wachinjwe,
akaamuru vizuri mno, tukapiga makofi,
nawe ulilengwa na machozi ya fahari, benchi la mbele.
Hakuna aliyekemea pepo.
Lakini mvua ya Kyimo haikupi nafasi ya kubishana,
inapiga bati mpaka mwenye hoja achoke.

Na jambo jingine sikumwambia:
neno moja kati ya yale lilinichoma hata mimi.
Si joka. Joka halijawahi kumhamisha mtu kwetu.
Mchawi.
Kwa neno hilo, mwaka mahindi yalipooza shambani,
walimtoa bibi yangu Syabumi nyumbani kwake usiku,
ushahidi wao macho yake mekundu,
macho ya miaka hamsini ya kuni mbichi.
Alivuka Kiwira kwa miguu, kuku mmoja kwapani.
Niliwahi kumsimulia Tusekile, mara moja tu,
tukichambua maharage. Hakuuliza kitu.
Nikadhani hakusikia.

Usiku nikalifungua daftari kando ya jiko la mkaa,
kiberiti mkononi.
Mwandiko wa mwanangu, herufi zimelala
kama migomba iliyopitiwa na upepo.
Ramani: Rungwe yenye mlango ubavuni,
duka la Mangi, upanga shilingi mia tano, hakopeshi,
mto wenye mamba anayeimba tenzi.
Kisha watu. Gwamaka: shujaa. Nguvu nne.
Anaogopa giza. Baba yake asijue.

Nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo.

Kisha ukurasa mzima, umepigiwa mistari kwa rula:

Bibi Syabumi.
Macho mekundu: anaona gizani.
Kuku mmoja: anajua njia.
Wanamwita mchawi, sio.
Hafukuzwi. Dadu likisema afukuzwe,
rusha tena.

Sijui nilikaa pale muda gani.
Makaa yalijivika majivu, kiberiti kikapata unyevu
wa kiganja changu.

Alfajiri, kabla ya kengele, nilichoma magunzi uani.
Mengi, na majani mabichi juu yake,
moshi ukapanda mzito hadi kwa jirani
na hadi kwa yeyote mwenye haja ya kuuona.
Mungu anisamehe moshi ule.
Nilisimama upande unakovuma,
nikaukodolea.

Kanisani nikaingia macho mekundu.
Mwinjilisti akanishika mkono kwa mikono yake miwili,
akaubana, akatikisa kichwa taratibu.
Alidhani ni toba.

Sikumsahihisha.
Ndani ya leso, kwenye fundo la sadaka,
kiazi kilikuwa bado kibichi.