Flashi Haina Kilemba

Nilishuka Mwanjelwa na ukungu wa Isongole
ungali umeganda kwenye mtandio,
nikatoa elfu kumi na tano ya viazi
nikapewa flashi ndogo kama kipande cha chaki.
Kumi na sita, imeandikwa ubavuni,
nyeupe, bila haya.

Gwakisa akaichomeka.
Kompyuta ikawaza, ikajibu:
kumi na nne nukta tisa.

Nikasema, mwanangu, hapa nimeibiwa.
Mimi ni mtu wa viazi, wizi naujua kwa sura.
Mnunuzi huja shambani na gunia la kilo mia,
akalishonea wavu shingoni,
akalijaza mpaka likawa na mimba na kilemba,
kisha akahesabu: moja.
Miaka ishirini nimeuza "moja" ya aina hiyo.
Kumbe huku mjini wamegeuza shati:
wanaandika nyingi, wanapima chache.

Hakucheka, nikampenda kwa hilo.
"Hujaibiwa, mama. Kiwandani wanahesabu kwa elfu:
elfu ya elfu ya elfu, hiyo kwao ni jibi moja.
Hii mashine haina vidole, kumi haiijui.
Inajua kujirudufu tu:
mbili, nne, nane, kumi na sita,
inapanda hivyohivyo
mpaka elfu moja na ishirini na nne,
na hapo ndipo inapotua mzigo.
Viazi ni vilevile, mama.
Debe la kupimia ndilo kubwa."

Debe.
Angeanza na debe tungekuwa tumemaliza.

Nikamwambia, haya, mpakie mama yangu:
zile alasiri za jikoni, na siku ya mazishi.
Akajumlisha. Kumi na tano nukta mbili.
Nikaitazama ile flashi, nikatafuta shingo.
Haina pa kushonea wavu.
Ikijaa, imejaa.

"Tupunguze," akasema. "Hapa kuna dakika arobaini
bibi hasemi neno. Anamenya viazi tu."
"Na kimya nacho kina uzito?"
"Uleule. Kamera ikishawaka haichagui."

Nikainama kwenye kioo.
Kisu chake kile kilicholika katikati,
kiazi kinazunguka, ganda linashuka,
moja, refu, halikatiki mpaka liguse sakafu.
Atuganile hajawahi kuliweza lile ganda.
Siku tunazika alikuwa wodini Mafinga,
mtoto amekaa vibaya,
simu yake inaita, inaita.

"Kata diwani," nikasema.
"Hotuba yote?"
"Yote. Na utambulisho wa meza kuu,
na yule aliyesimama atoe neno moja
akatoa saa nzima."

Ikaingia.
Zikabaki megabaiti mia sita,
Gwakisa akauliza niweke nini.
Nikamwambia aziache. Gunia la halali
lina nafasi ya kufunga kamba.

Kondakta wa basi la Mafinga aliitia mfukoni
akauliza, mzigo gani huu, nikuandikie kilo ngapi?
Mezani kwa Gwakisa nilikuwa nimeomba kalamu.
Juu ya bahasha, chini ya jina la mdogo wangu,
nilikwisha kuandika:
kumi na nne nukta tatu, mfuto.
Mama anamenya. Usiruke.