Kielelezo Namba Tatu

Pongwe, kituoni, walimwita mtuhumiwa.
Mahakamani Tanga akawa mshitakiwa,
na Maweni, alipokosa wadhamini,
mahabusu.
Kwangu ni Semkiwa tu. Hachagui mboga.
Akilala anakoroma.

Baiskeli nayo ikapewa jina:
kielelezo namba tatu,
kikaratasi kimefungwa kwa uzi wa katani,
katani ileile wanayosema aliiba,
marobota mawili, baiskeli moja, usiku.
Hata punda angekata rufaa.

Nikajifunza lugha yao.
"Upelelezi haujakamilika":
rudi nyumbani, uza kuku mwingine.
"Kesi inatajwa": leo haisikilizwi.
"Shauri limeahirishwa", hilo nalijua
likiwa bado kooni mwa hakimu.

Shahidi wa pili, alipoulizwa kama mbalamwezi ilikuwepo,
alijibu, "Nilimtambua kwa mwendo."
Wakili akanyamaza.
Akaiacha sentensi itembee peke yake ukumbini,
tuione inavyochechemea.

Shaka.
Nilidhani ni neno la wake wenza.
Kumbe lina faida,
na faida yake hupewa mshitakiwa,
kama chenji aliyoisahau dukani.

Semkiwa ameachiwa huru.
Baiskeli bado,
mpaka muda wa rufaa upite.

Leo nimekwenda na pampu.
Karani, Mama Kilua, akatazama mlangoni,
akasema, "Fanya upesi."
Nikajaza upepo gurudumu la nyuma, kisha la mbele.
La mbele likashuka tena, taratibu, likipumua.

Nikaiinamia.
Huna hatia, nikaiambia.
Subiri.