Unyayo Kabla ya Mguu

Mguu haujafika. Uko ndani ya bahasha,
pengine bado unasubiri muhuri wa forodha,
lakini unyayo wake nimeshauchora,
na leo, hapa Ngamiani, nyuma ya duka la baiskeli la Singano,
nauuliza: wewe ni wa nani, hasa?

Waraka wa kiwanda una kurasa arubaini na mbili.
Nyingi ni za kujisifu, zilizobaki za kujikinga.
Ninaoutaka uko karibu na mwisho:
mchoro mkavu, mishale, tarakimu ndogo kama chawa wa kuku.
Kipimo cha chini, cha kawaida, cha juu.
Kumbe hata kiwanda hakijui kitazaa nini,
kinaapa tu kwamba hakitavuka hapa na hapa.
Nami natandika shaba ya kumpokea mnene na mwembamba.

Sikuzaliwa na subira hii.
Mwaka juzi nilikuwa na haraka ya bwana harusi.
Bodi thelathini, za kupima unyevu wa mkonge ghalani,
nilizituma bila kufunua ukurasa wa pili.
Transista ilichorwa ikiwa chali,
imetazamwa kwa chini, tumbo juu,
na maneno ya kusema hivyo yalikuwa pembeni,
yamepauka rangi ya majivu.
Mimi nikaichora kama imesimama.
Kulia kukawa kushoto.

Shemdoe akawasha swichi. Hakukuwa na moto,
hata moshi wa kusimulia haukuwepo;
harufu tu, ya ukucha ulioungua.
Akazima. Akanitazama. "Tujaribu nyingine?"
Zote thelathini zilikuwa ndugu wa tumbo moja.
Mpaka leo tunawekea vikombe vya kahawa,
na mteja wa Pongwe tulimrudishia pesa zake kwa mafungu matatu.

Basi sasa nahesabu.
Miguu huanzia penye kitone,
unashuka kushoto, unavuka, unapanda kulia,
kama mgeni anayetafuta nyumba mtaani kwetu
ambako barabara zina namba:
ya Nane, ya Tisa, ya Kumi.
Ukikosea ya kwanza
utabisha hodi kwa wasiokujua hadi usiku.

Kuna kiungio cha miguu ishirini.
Moja nukta mbili tano, unasema waraka.
Moja nukta mbili saba, unasema mchoro niliouokota bure.
Tofauti ni unywele.
Mguu wa kwanza unakaa. Wa pili unakaa.
Wa tano unakaa ukinung'unika,
wa kumi unachungulia ukingoni,
wa ishirini nusu yake iko hewani, haina pa kukanyaga.
Uongo mdogo hauumi pale ulipoanzia.

Alasiri nilikwenda kuchapa kwa Mwantumu wa steshenari.
"Nipunguze kidogo, ienee?"
"Usipunguze kitu, shoga. Asilimia mia."
Nilikuwa nimechora pembeni mstari wa sentimita kumi;
nikaupima palepale kaunta: tisa na nukta saba.
Tukachapa tena. Nyuma yangu
watu wenye barua za kuomba kazi wakaguna.

Sasa karatasi iko mezani, feni nimeizima.
Kwa kibano navilaza juu yake vile vichache nilivyo navyo,
kimoja kimoja, kama mkunga anayehesabu vidole.
Hiki sawa. Hiki sawa. Hiki nakirudia.

Shemdoe amesimama mlangoni na ufunguo wa baiskeli.
"Tutume?"
"Bado ukurasa mmoja."
Ni ule wa mwisho kabisa, ambao hakuna anayeusoma,
orodha ya masahihisho:
toleo la tatu, mchoro wa ukurasa wa thelathini na tisa umerekebishwa.

Natazama juu ya waraka wangu.
Toleo la pili.

Shemdoe anaegemeza baiskeli tena.
Naupakua upya; duara la mtandao linazunguka, linazunguka.
Nachonga penseli.