Kilomita Sabini na Tisa

Gavril alipita, akasimama, akacheka kwa pua.
"Kunnei, mpira huo kwa rimu hiyo?
Jitu limevaa kofia ya mtoto!"
Rimu ni zile zile za kiwandani, inchi tano upana.
Baba alizipaka samawati
mwaka alioinunua Niva kwa fahali wawili na deni.
Pana zaidi zipo Yakutsk,
na pesa za kuzinunulia zipo Yakutsk pia,
hazijawahi kufika kwetu.
Nikamjibu: kofia ni ya baba. Jitu litazoea.

Mei. Barafu imeiachia njia,
na njia imeachia kila ilichokuwa imekishika.
Tope la huku: juu uji, katikati uji,
kisha barafu ya tangu enzi
ambayo hata jua la Juni, lisilolala, haliifikii.
Matairi ya zamani yalizama humo kama vijiko.
Na ng'ambo kuna farasi wetu kumi na mmoja,
majike wanaozaa bila kumngoja mtu.

Nilipima kwa uzi, kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini.
Mapya yanaongeza sentimita mbili na kitu.
Sentimita mbili!
Nani hajawahi kukosa jambo kwa sentimita mbili?

Nati nne zilifunguka kwa adabu.
Ya tano nikaisimamia spana kwa miguu yote,
kilo zangu hamsini na sita,
ikalia kama mlango wa ghala, ikaachia.
Nikapaka ukingo sabuni ya kufulia, nikatia upepo,
mpira ukakaa kwa mlio wa bunduki,
mbwa wa kijiji kizima wakajibu.
Na kweli, ulitutumka nje ya chuma
kama unga uliochachuka katika sufuria ndogo.
Gavril hakusema kitu. Alinishikia taa.

Usukani kushoto: kimya.
Kulia: krrr.

Cha mvunguni, walisema, sharti uiname.
Mimi nililala kabisa, chali, tope likiingia kwenye kola.
Nilikuwa nimeupaka mpira chaki begani
ili gari lenyewe liniandikie linapoumia:
mstari mweupe, urefu wa kidole, chini ya digadi.

Kata pua, uunge wajihi.
Kusema ni rahisi.
Nilishika grainda, mkono ukasita.
Bati hili alilisugua kila Jumapili
hata majira ambayo hapakuwa na pa kwenda.
Mama alinitazama dirishani,
akafunga pazia,
akalifungua.
Cheche. Harufu ya rangi inayoungua.
Kipande kilichoanguka kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani.
Nikakitia mfukoni, sijui kwa nini.

Gia ya nne sasa ni ya kutazama tu.
Breki zinafikiri kwanza, ndipo zishike.
Mlimani injini inalalamika kama mpangaji.
Lakini kwenye tope nilipunguza upepo
hadi mipira ikaketi kama watu waliochoka,
na tukapita.
Polepole, kombo, madirisha yote kahawia,
tukapita.

Katika daftari la baba, ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
*Kwa farasi, 84.*
Sijui sentensi yake nyingine ndefu kuliko hiyo.

Mama, aliyepakata birika la chai njia nzima,
aliinamia dashibodi, akafuata tarakimu kwa kidole.
"Sabini na tisa," akasema.
Akatazama nje, majike wakiinua vichwa.
"Wamesogea."

Nilikuwa na maelezo yote ulimini:
kipenyo, mzingo, asilimia sita,
gurudumu kubwa huenda mbali na kuhesabu kidogo.

Ndiyo, mama, nikasema. Wamesogea.
Kile kipande cha digadi kikanichoma pajani.