Kauli ya Kutendwa

Konde, kidato cha pili, uchaguzi una wiki mbili umepita,
nusu ya madawati matupu, wenzetu wako mikarafuuni,
nasi tuliobaki vidole vyanuka vikonyo.
Mwalimu Asaa Shaame akaingia na chaki moja
(zikitolewa kwa hesabu siku hizo)
akaandika ubaoni:
Kura zimehesabiwa.

Kitenzi kipi? Tukamjibu.
Kauli gani? Ya kutendwa.
Mtenda yuko wapi?
Tukamtafuta. Chumu akasema kajificha ndani ya kitenzi.
Haji Mkubwa akasema ametoka kidogo, atarudi.
Tukacheka, na mwalimu akangoja tumalize.
"Hiyo ndiyo kazi ya w hii," akasema.
"Humtoa mtu kwa mlango wa uani,
sentensi ikabaki sebuleni, imekaa, imevaa."

Kisha, sijui kilimpata nini,
akaiweka chaki juu ya meza:
"Mie, mkiniuliza, naona hazikuhesabiwa sawa."

Hatukumuuliza.
Kengele ikapigwa.
Aliyeipiga ni Mzee Faki, kwa nondo, kwenye rimu ya gari.
Leo nataka kila mtenda aandikwe.

Usiku ule nikasimulia nyumbani, kwa kumsifu.
Bwana Kombo, karani wa sheha, alikuja kwa habari ya mpaka wa shamba,
bilauri ya chai mkononi.
"Alisema hivyo? Kwa maneno hayo hayo?"
Mie niliyekuwa wa kwanza kwa imla
nikamrudishia yote mpaka nukta.
Wallahi nilikuwa najisifu.

Barua ilichukua siku kumi na tisa.
Imeonekana. Imeamuliwa.
Unahamishwa, kwa maslahi ya umma.
Wanasema Mwalimu Asaa aliazima kalamu nyekundu ya mwalimu mkuu,
akapiga mstari chini ya vitenzi,
akatia alama ya vyema kila kimoja,
akairudisha kalamu.

Bi Time, mama yake Chumu, alisema barazani,
"Mwanangu nimempeleka kusoma.
Siasa ina uwanja wake."
Hakusema uongo wote.
Siku ile, jina la kura lilipotajwa,
nilimuona Chumu akijikunja dawatini,
baba yake akiwa wa upande ule mwengine,
na sote tukamgeukia.
Hilo nalo liandikwe.

Wakampeleka Unguja, stoo ya vitabu,
hana darasa, hana ubao,
miaka miwili kabla ya kiinua mgongo.
Bi Riziki akabaki Konde na cherehani yake.
Husemwa (nani husema? Haji Mkubwa, aliyekwenda kumuona)
kwamba kila boksi alilolifunga alilibandika karatasi:
Nimevihesabu mimi, Asaa Shaame.
Jina zima, na tarehe.

Sasa ubao ule ni wangu.
Mwaka huu nao una uchaguzi.
Kitabu kinatoa mfano usio na dhambi:
Chakula kimepikwa.
Na mtoto mmoja wa nyuma, shati halina kifungo cha juu,
amenyoosha mkono:
"Mwalimu, na kura je?"

Kimya. Nawatazama mmoja mmoja.
Katika hawa arubaini na sita
yumo mwenye kumbukumbu nzuri kama yangu,
anampenda mwalimu wake,
na nyumbani kwao leo kuna mgeni.

Ninayo rai yangu. Naijua ladha yake,
chungu kama kikonyo kilichosahauliwa kinywani.
Nikageuka, nikaandika:
Mwalimu Asaa alihamishwa.

"Mtenda nani?"
Hawamjui. Hawakuwa wamezaliwa.
Mmoja akabahatisha: Serikali?
Mwengine: Sheha?
Chaki imebaki kama ukucha.
Nikaandika chini yake, herufi zikapinda:
Nilisema mimi.

"Ulisema nini, Mwalimu?"

Mzee Faki amekufa.
Bakari, mwanawe, akapiga kengele.