Masikio ya Udongo

Darasa la nne, watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na mawili. Usinifanyie hesabu,
nimeshaifanya usiku, kitandani, badala ya kulala.
Mvua ilikuwa juu ya mabati tangu alfajiri,
na mvua ikinyesha Kilembe hakuna asikilizaye mwalimu:
kila sikio liko mtoni,
linapima Nyamwamba inayaambia nini mawe yake.

Nikapaza sauti kuushinda mto.
Robo! nikasema. Robo na nusu!
Chaki ikakatika. Nikapaza tena.

Thembo hakuwa ameandika kitu.
Tangu maji yalipochukua jiko lao, na mbuzi,
na kitanda ambacho bibi yake alikuwa amelalia,
mtoto huyu husema "ndiyo" na "sijui", basi.
Mikono iko chini ya dawati, inafanya kazi.
Nikamwendea na fimbo ambayo, kisheria, sina.
"Leta."

Akaweka mezani sanamu, urefu wa kidole:
gauni, kitambaa kichwani, chaki mkononi,
hata kifungo changu kilichopotea, pengo lake kalichora kwa ukucha.
Na mdomo. Ee Mola, ule mdomo!
Ungeutia punje ya hindi na bado ungebaki wazi.
Masikio hayakuwapo.

Darasa likashika pumzi.
"Na masikio yangu?"
Akafikiri, kama fundi aliyeulizwa bei.
"Udongo uliisha, Mwalimu."

Nilicheka. Sikupanga. Kilinitoka
kama chafya kanisani, kikaja na machozi nyuma yake,
na Mbambu wa dawati la mbele, kwa huruma,
akanipa kifutio cha ubao nijipanguse.
Nikawa mweupe uso mzima.
Hapo tukacheka sote, na mvua juu yetu.

Machozi yale hayakuwa ya Thembo peke yake.
Nilikuwa na yangu, ya miezi mitatu,
nimeyabana ndani ya andalio la somo.
Nani humuuliza mwalimu ameamkaje na asubiri jibu?
Mtungi hauulizwi kama una kiu.

Alhamisi nilishuka na ndoo
hadi ukingo ule ule uliotuibia,
nikachota tope lake, zito, lenye kumeta.
"Deni," nilimwambia jirani aliyeshangaa.
"Nimekuja kudai kidogo."

Walifinyanga bila kuambiwa nini.
Mbuzi wengi. Daraja. Simu. Malaika mwenye gambuti.
Thembo alifanya kitanda, akakiacha kitupu,
kisha akakitandika blanketi, akilibonyeza pembe kwa pembe.

Mwalimu mkuu akasimama mlangoni, suruali safi.
"Hili ni somo gani, Kabugho?"
"Hesabu," nikasema. "Tunagawana."
Alinitazama sana. Akaomba donge moja,
hakufanya nalo kitu,
alikaa nalo tu kiganjani mpaka kengele.

Sasa niko dirishani, na masikio ninayo:
makubwa, ya tembo, Thembo hakunionea huruma.
Jana la kushoto lilidondoka.
Akalilowesha kwa mate, akalirudisha mahali pake.
"Usiguse. Ngoja likauke."
Tukangoja.
Na katika kungoja, bila kuulizwa,
akaanza kunieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akikoroma.